CHOMBO KIKIZEEKA, UFUNDI WAKE UENDE WAPI?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika darasa la elimu la chama



Kamati ya Elimu imetutaka tuseme mbele yenu juu ya swali ambalo limeulizwa mara nyingi katika mikutano ya matawi. Swali lenyewe ni hili: chombo cha kazi kikizeeka, nani aamue mwisho wake, na wale waliokitumikia wafanywe nini?

Tungeweza kujibu kwa maneno ya jumla, lakini maneno ya jumla hayakai kichwani. Tumeona afadhali tuchukue mahali pamoja ambapo habari zake zajulikana, tupatazame vizuri, halafu turudi kwetu. Mahali penyewe ni Mfereji wa Erie, katika jimbo la New York, Marekani. Ni mbali sana na hapa, na wakati wa baridi maji yake hugeuka barafu. Lakini kazi ya huko mwenzetu ye yote wa gudi, wa tagi au wa karakana ataitambua mara moja.

MFEREJI NA WALIOUCHIMBA

Mfereji huo ulianza kuchimbwa tarehe 4 Julai 1817 katika mji wa Rome wa huko New York, ukamalizika mwaka 1825. Urefu wake ulikuwa maili 363, kutoka Albany kando ya mto Hudson mpaka Buffalo kando ya ziwa Erie. Upana wake futi 40, na kina chake futi 4 tu. Mtu mzima akisimama katikati, maji yalimfika kifuani.

Hapakuwa na katapila siku hizo. Palikuwa na sururu, sepeto, toroli, baruti, wanyama wa kuvuta na mikono ya watu. Mwaka 1819, katika kinamasi cha Montezuma, homa iliwashika wafanya kazi wapatao 1,000. Jina la gavana DeWitt Clinton, aliyeupigania mfereji huo, limo katika vitabu vyote. Majina ya wale wa kinamasi hamtayaona.

Faida yake ilikuwa kubwa. Kabla ya mfereji, kusafirisha tani moja ya mzigo kutoka Buffalo mpaka mji wa New York kulikuwa kama dola 100. Baada ya mfereji kufunguliwa, gharama hiyo ilishuka hata kufika dola 10 au chini yake. Ngano ya bara ikateremka, na bidhaa za pwani zikapanda.

Huenda mwenzetu atauliza, maji yapandaje mlima? Ziwa Erie liko juu ya mto Hudson kwa karibu futi 570. Basi walijenga vyumba vya maji, kila kimoja kina mlango mbele na mlango nyuma. Chombo huingia chini, mlango hufungwa, maji ya juu huachiliwa yaingie, chombo hupanda pamoja na maji, kisha mlango wa mbele hufunguliwa. Hapo mwanzo vilikuwa vyumba 83. Vyombo vilivutwa na baghala, yaani nyumbu, waliotembea kandokando ya mfereji, na mara nyingi aliyewaongoza usiku na mchana alikuwa mtoto wa kiume.

Mfereji tunaousema leo si ule wa baghala. Kati ya mwaka 1905 na 1918 jimbo lilijenga mfereji mpya, mpana, wenye kina cha futi 12, uliopita mara nyingi ndani ya mito yenyewe. Baghala wakaondoka. Mahali pao pakashikwa na tagi zenye kuvuta matishali. Milango ya vile vyumba ikaendeshwa kwa umeme.

VYOMBO VISIVYOBEBA MZIGO

Hapa ndipo habari yetu inapoanza. Watu wakiuona mfereji huona meli zipitazo na mizigo. Hawavioni vyombo vya kazi, vile visivyobeba mzigo wala abiria, lakini bila hivyo hakuna apitaye.

Tope hujaa, basi pawe na mashine ya kuchimba tope. Mlango wa tani nyingi huharibika, basi pawe na tishali lenye kreni la kuunyanyua. Maboya yalikuwa na taa za mafuta ya taa, basi palikuwa na mashua ndogo zilizopita siku baada ya siku kujaza mafuta na kusafisha vioo. Na kreni na matishali haviendi vyenyewe, basi pawe na tagi za kuvivuta. Hivyo jimbo lilikuwa na kundi lake la vyombo, vimepakwa rangi ya buluu na ya dhahabu, na watu wake wa kuviendesha.

Tagi moja tutaitaja kwa jina, nayo ni Urger. Iliundwa mwaka 1901 huko Ferrysburg, jimbo la Michigan, iwe chombo cha uvuvi katika maziwa makuu, na jina lake la kwanza lilikuwa Henry J. Dornbos. Baadaye, katika miaka ya 1920, ikaingia kazi ya mfereji. Ilianza kwa mvuke, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikawekewa injini ya dizeli ya Atlas Imperial, yenye nguvu za farasi 320. Ilivuta mpaka miaka ya 1980. Mwaka 1991 ikapewa kazi nyingine: ikawa inapita mji kwa mji kuwafundisha watoto wa shule habari za mfereji. Mwaka 2001 ikaandikwa katika daftari la taifa la vitu vya historia.

Hebu fikirini, ndugu. Chombo cha mwaka 1901 chaelea na kwenda kwa nguvu zake mpaka karne hii. Kimewezaje?

KAZI YA WAKATI WA BARIDI

Jawabu la kwanza ni maji yenyewe. Sisi tuliofanya kazi ya pwani twajua chumvi inavyokula chuma. Maji ya mfereji ni matamu, na katika maji matamu chuma huliwa polepole zaidi. Lakini kuliwa polepole si kutoliwa. Kutu haina haraka, na haina likizo.

Jawabu la pili ni gudi. Mfereji hufungwa barafu inapokaribia, na hufunguliwa tena baridi ikipita. Abiria husema mfereji umelala. Fundi husema ndiyo kwanza kazi yaanza. Huko Waterford, mwanzo wa mfereji upande wa mashariki, liko gudi la jimbo. Vyombo huingizwa maji yakiwa yamejaa, vikapangwa juu ya mahali penye magogo, kisha milango hufungwa na maji huachwa yatoke. Polepole vyombo hukaa juu ya magogo, na sehemu zao za chini zikaonekana.

Kupanga magogo ni kazi ya mtu aijuaye tagi ile hasa. Majini, chombo hubebwa na maji kila mahali sawasawa. Juu ya magogo hubebwa mahali pachache tu, na uzito wote wa injini waelemea hapo. Gogo likikosea, likawa pasipo na mbavu za kutia nguvu, bamba huingia ndani. Kwa hiyo fundi mzee alijua bila kutazama karatasi: gogo la tatu liwe hapa, la nne lisogezwe kule.

Kisha hukwanguliwa, huoshwa, na mtu hupita na nyundo. Bamba zima hulia. Bamba bovu hujibu kwa sauti nzito kama debe lenye mchanga. Siku hizi kiko chombo kidogo chenye kupeleka sauti ndani ya chuma na kuonyesha unene wake kwa namba. Ni kitu kizuri, nacho kimeokoa maisha. Lakini chapima pale tu unapokiweka, na ajuaye pa kukiweka ni yule mwenye nyundo. Atakwambia: pima chini ya tangi, pima pale maji ya ngama yanapolala, pima nyuma ya pampu ambapo brashi ya rangi haijafika miaka 20.

Bamba likiwa jembamba, hukatwa na kutiwa jipya. Hapo nako pana hila. Chombo cha mwaka 1901 kimeungwa kwa ribiti, si kwa kuchomelea. Ukikichomelea kwa moto mwingi karibu na ribiti, chuma hutanuka halafu hujikunja kikipoa, na ribiti za jirani hulegea. Umeziba tundu moja, umefungua matano. Wako wanaobandika bamba jipya juu ya bovu ili kazi iishe upesi. Kwa jicho huonekana vizuri. Lakini unyevu hukaa katikati ya mabamba mawili, na kutu hula mahali ambapo nyundo haisikii. Kiraka cha namna hiyo si matengenezo, ni deni atakalolipa mwingine.

INJINI YENYE KUTAKA MTU

Sasa tuingie chumba cha injini. Injini ya tagi ile haikuwa na gia za kurudi nyuma. Nahodha akitaka kurudi nyuma, injini ilizimwa kabisa, fundi akaigeuzia vyombo vyake, kisha akaiwasha tena izunguke kinyume. Kuiwasha ni kwa hewa iliyoshindiliwa katika matangi. Hewa ikiisha kabla hujamaliza kuingia katika chumba cha maji, hapana breki nyingine ila ukuta.

Tena nahodha hakuishika injini mwenyewe. Alipiga kengele, na fundi chini akatii: kengele hii enda mbele, hii simama, hii rudi. Fundi hakuona maji wala ukuta. Alimwamini mwenzake wa juu, na wa juu alimwamini wa chini. Na kati ya kengele na kengele, fundi alizunguka na kopo la mafuta akitia tone kwa tone, akiweka kiganja juu ya chuma kuona kama kimepata moto kuliko ilivyo desturi yake.

Injini kama hiyo haiuzwi tena dukani, wala speya zake. Kitu kikivunjika chapaswa kuchongwa. Huwezi kumwajiri mtu leo na kesho ukamwachia. Hujifunza kwa kukaa na ajuaye, msimu baada ya msimu. Huu ndio moyo wa hotuba yetu, ndugu: chombo kile hakikudumu kwa sababu chuma chake kilikuwa cha ajabu. Kilidumu kwa sababu kila kizazi cha mafundi kilimpata mtu wa kumwachia.

SIKU YA KUSTAAFU

Mizigo ya mfereji ilipungua. Reli ilichukua, barabara kubwa ikachukua, na mwaka 1959 njia ya meli kubwa ya mto St. Lawrence ilipofunguliwa, meli ziliweza kutoka bahari mpaka maziwa makuu bila kupita Erie. Meli moja yenye injini, iitwayo Day Peckinpaugh, iliyoundwa mwaka 1921 kwa ajili ya mfereji huo, ilikuwa ikibeba saruji miaka yake ya mwisho. Mwaka 1994 iliacha kazi, na mwaka 2005 iliokolewa isikatwe chuma chakavu.

Mfereji haukufa. Mwaka 2016 ulitangazwa kuwa mahali pa historia ya taifa, na vyombo vya matembezi hupita. Maji yake lazima yaangaliwe, maana miji iko kando yake. Lakini nani alipe? Tangu 1 Januari 2017 mfereji uliwekwa chini ya mamlaka ya umeme ya jimbo. Na ndipo swali la vyombo vya zamani likawa kali.

Juu ya Urger, yalitoka mashauri kwamba isirudi majini, bali iwekwe nchi kavu kando ya barabara kuu, wasafiri wenye magari waione. Juu ya vyombo vingine, mwaka 2018 jimbo lilitangaza mpango wa kuzamisha vyombo 30 katika bahari ya Long Island, pamoja na vipande vya daraja la zamani la Tappan Zee, ili samaki wapate makao. Tagi iitwayo Reliable ilikuwa miongoni mwa vilivyozamishwa.

Watu wakagawanyika. Waliovipenda vyombo walilia kwamba historia inatupwa baharini. Sisi hatutaki kuwapigia makofi upande mmoja tu kabla ya kusikia wa pili.

Wenye kusimamia mfereji wana hoja. Mwaka 2011 dhoruba iliyoitwa Irene ilileta mafuriko katika mto Mohawk na kuharibu vyumba vya maji na mabwawa. Fedha ni zile zile. Dola inayoingia katika bamba la tagi ya kuonyesha haiingii katika mlango unaozuia maji yasiingie nyumbani kwa watu. Tena tagi mpya huendeshwa na watu wachache, na nahodha hushika injini kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ni kweli. Na ni kweli vilevile kwamba chombo kikizamishwa vizuri, baada ya kuondolewa mafuta na takataka zote, samaki hukaa ndani yake, na mvuvi hupata riziki. Kuzamishwa si aibu. Kuna vyombo vimeisha kabisa, na kuviacha vioze kandokando ya gudi ndiyo aibu.

Lakini waliopinga nao wana hoja, nayo ni hoja ya kifundi, si ya machozi. Chombo kikiwekwa nchi kavu kwa maonyesho, watu hudhani kimeokolewa. Sivyo. Mvua huingia na kulala katika ngama. Hakuna pampu, maana hakuna anayeogopa kuzama. Magogo hukandamiza mahali pale pale mwaka nenda mwaka rudi. Injini isipozungushwa hushikana. Rangi ya nje hutiwa kila miaka michache kwa ajili ya picha, na ndani kutu yala kwa raha. Chombo kilicho majini kina mtu wa kukiogopea kila usiku. Kilicho nchi kavu kimepata kibao chenye maandishi, kimepoteza mlinzi.

Tena mafundi wake je? Mtu hatajifunza kusikiliza bamba kwa kusoma kibao.

NENO LETU

Ndugu, tuna haki ya kuwa na moyo juu ya chombo, maana tumekila jasho. Lakini chama hakiwezi kusimama juu ya mapenzi peke yake. Tutawasimulia jambo tulilolishuhudia wenyewe.

Miaka mingi iliyopita baadhi yetu tulifanya kazi katika karakana ya mwajiri mmoja ambaye hatutamtaja. Palikuwa na chombo kizee, na kila mtu alikipenda. Wakubwa walikipenda kwa sababu kilikuwa kimekwisha kulipiwa. Sisi tulikipenda kwa sababu tulikizoea. Mzee mmoja wetu alisema mara tatu kwamba bamba la chini ya chumba cha mashine halilii vizuri. Aliambiwa kazi iendelee. Siku moja kijana alipokuwa akikwangua kutu ndani, kikwangulio kilipenya, na maji yakaruka kama bomba. Kwa bahati chombo kilikuwa kando ya gati, na kijana alitoka salama. Chombo kiliondolewa mwezi ule ule. Na yule mzee aliyesema mara tatu naye aliondolewa, kwa sababu, walisema, kazi yake imekwisha pamoja na chombo.

Wiki chache baadaye chombo cha pili cha namna ile ile kilianza kuvuja, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia wapige nyundo wapi. Sisi vijana tulisimama na nyundo zetu tukitazamana.

Tangu siku ile tumejua kwamba makosa yako mawili, na yote mawili huwaangukia wafanya kazi. Kosa la kwanza ni kukibakiza kazini chombo kilichokwisha, kwa ubahili au kwa mapenzi. Kosa la pili ni kukiondoa chombo na kuuondoa ujuzi siku moja. La kwanza huua watu. La pili huua kazi.

Kwa hiyo, tukiwa na habari za Erie mkononi, twaleta mbele yenu mashauri manne, myachukue katika matawi yenu myajadili.

La kwanza. Chombo cha zamani kipimwe na watu wawili: mwenye chombo cha kupimia na fundi akijuaye. Maneno ya fundi yaandikwe katika daftari, pamoja na tarehe na jina lake. Mzee wetu alisema mara tatu, lakini hakuna mahali palipoandikwa. Neno lisiloandikwa ni rahisi kulikana.

La pili. Kiwango cha mwisho kikubaliwe mapema, wakati hakuna mwenye hasira. Bamba likifika unene fulani, chombo kisimame, hata kama kuna kazi nyingi, hata kama tunakipenda. Baharia asiingizwe katika chombo ambacho mkubwa wake asingekubali mwanawe akilale. Na tusiwe sisi wenyewe wa kwanza kuvunja sheria hiyo kwa ajili ya ovataimu.

La tatu. Chombo kisistaafu kabla mwanagenzi hajapewa. Mwaka mmoja angalau kabla ya siku ya mwisho, kijana awekwe kando ya fundi mzee, kwa mshahara, si kwa kuiba dakika za chakula. Ajifunze magogo, ribiti, sauti ya bamba, kiganja juu ya chuma. Msiseme kwamba ujuzi wa chombo kizee hauna kazi katika kipya. Kila kipya kitazeeka. Aliyejifunza kusikia chuma kizee atakisikia kipya kabla hakijalalamika.

La nne. Pakiwa na shauri la kukiuza, kukikata, kukizamisha au kukiweka nchi kavu, wafanya kazi wake waitwe wasikilizwe kabla shauri halijapitishwa, si baada. Hatusemi neno lao liwe la mwisho. Twasema wanajua mambo ambayo hayamo katika hesabu. Na kama chombo kitawekwa kitazamwe na watoto, basi kiwekwe pamoja na fedha ya kukitunza na mtu wa kukitunza. Na katika kile kibao, pamoja na jina la gavana na jina la kiwanda, yaandikwe majina ya waliokishika usukani na waliokitia mafuta.

Hilo la mwisho laweza kuonekana dogo. Lakini kumbukeni kinamasi cha Montezuma. Watu wapatao 1,000 waliugua pale ili ngano ipite, na leo hatuwezi kulitaja hata jina moja. Kama hatutaki kuwa kama wao, kazi ya kuandika ni yetu. Kila tawi lina karani. Kila tawi lina mzee ambaye amebakiza miezi michache ya kazi. Tunataka mwezi huu karani aende akakae na mzee huyo, aandike chombo gani alikitumikia, tangu mwaka gani, na mambo gani alijifunza ambayo hayamo katika kitabu cho chote. Karatasi hizo ziletwe kwa Kamati ya Elimu, nasi tutazichapa katika gazeti letu hili, moja moja, mpaka ziishe.

Maswali yenu twayakaribisha, hasa ya wale wa gudi, maana wao ndio waalimu wetu katika jambo hili. Mkiona tumekosea mahali juu ya ribiti au juu ya magogo, semeni hapa hapa, mbele ya vijana, wapate kusikia.